Maji Usoni mwa Chura

Kroo, kroo, kroo! Kozue hakuwa amefumbua macho bado, lakini vyura walikuwa wameamka zamani. Sauti zao zilipenya kwenye mlango wa karatasi, zikajaa chumbani, zikapanda mpaka darini, kana kwamba majaruba yote ya mpunga ya kitongoji cha Kamisato yamehamia ndani ya nyumba.

"Leo wanapiga kelele kama wamelipwa," Babu alisema kutoka jikoni. "Mvua iko njiani. Amka, Kozue, supu inapoa!"

Kozue aliamka. Alikunja godoro lake, akanawa uso, akala wali na supu ya miso kwa haraka. Mama alikuwa ameondoka alfajiri kwenda mjini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi. Kozue alivaa begi lake la ngozi mgongoni, akatungua kibendera cha njano kwenye msumari karibu na mlango, akatoka.

Kibendera kile kilikuwa fahari yake. Watoto wa Kamisato huenda shule kwa miguu, kwa mstari mmoja, na mkubwa wao ndiye kiongozi. Mwaka huu mkubwa alikuwa Kozue, miaka kumi na miwili, darasa la sita.

Alipopita juu ya tuta la jaruba la Babu, vyura waliokuwa karibu na miguu yake walinyamaza ghafla. Alipokwisha kupita, wakaanza tena. Ilikuwa hivyo kila siku, naye hakuwa na habari nao.

Miaka miwili nyuma Kozue hakuwa na fahari yoyote. Alikuwa amehamia hapa kutoka Osaka pamoja na mama yake, baada ya wazazi wake kuachana. Siku ya kwanza darasani alifungua mdomo kusema jina lake tu, darasa zima likaangua kicheko. "Anaongea kama wachekeshaji wa kwenye televisheni!" Halafu wakaliona begi lake. Wasichana wenzake walikuwa na mabegi mekundu na ya waridi, lake lilikuwa jeusi, limechubuka pembeni, alilorithi kwa binamu yake wa kiume. "We dada, au tukuite kaka?" walimuuliza kila asubuhi.

Jioni moja alirudi analia. Babu alimwita nje. Alichota maji kwa kata, akamwonyesha chura mdogo wa kijani aliyekaa juu ya jiwe karibu na bomba, kisha akammwagia maji yale usoni. Chura alikaa pale pale. Hakupepesa hata jicho.

"Umemwona?" Babu aliuliza. "Amelia? Amekasirika?"

"Hapana."

"Basi. Maneno yao ni maji tu. Nawe kuwa chura."

Na Kozue akawa chura. Walipomcheka, aliwatazama kwa macho makavu, akafungua kitabu chake. Baada ya miezi michache walichoka. Tangu hapo hakuna neno lililoweza kumliza. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo yeye mwenyewe hakuliona: hakuna neno lililoweza kumfikia pia.

Watoto walikuwa wanamngoja kwenye kisanamu cha jiwe cha Jizo, mlinzi wa watoto na wasafiri, chenye kitambaa chekundu shingoni. Walikuwepo mapacha Natsu na Aki wa darasa la nne, Kanta wa darasa la tatu, na Shigeki wa darasa la tano, msaidizi wa kiongozi, ambaye mahali pake ni nyuma ya mstari. Kando yake alisimama Ippei, mwenye miaka sita, kofia yake ya njano imemshuka hadi kwenye nyusi.

Kwa desturi, mtoto wa darasa la kwanza hutembea mara tu nyuma ya kiongozi, ili kiongozi afuate mwendo wake. Lakini Ippei alikuwa akisimama kutazama kila konokono, na Kozue alikuwa na shabaha yake. Kamisato ndicho kitongoji cha mbali kuliko vyote. Tangu Kozue ashike kibendera, watoto wa mbali kuliko wote ndio waliofika wa kwanza shuleni, na waliomcheka zamani walikuwa wakimkuta ameshafika. Kwa hiyo wiki ya pili tu alimtoa Ippei nyuma yake, akampeleka mkiani, akamwambia Shigeki, "Huyo ni wako. Mvute."

Walianza safari. Hawakufika mbali, sauti ya Shigeki ikasikika.

"Kiongozi! We kiongozi! Punguza mwendo bwana, Ippei anakaribia kuitapika supu yake!"

"Mwambie aimeze tena," Kozue alijibu bila kugeuka. Mapacha wakacheka.

"Sitanii! Miguu yake mifupi, si ya mbuni!"

Kozue aliendelea na mwendo wake.

Kwenye kivuko cha barabara kubwa alisimama Bibi Sugie na filimbi yake. Bibi huyu alikuwa akiwavusha watoto kwa hiari yake tangu mumewe alipofariki, mvua au theluji. Aliwaona wanavyokuja, akatikisa kichwa.

"Kozue! Mnakwenda shule au mnafukuzwa na nguruwe mwitu? Na huyo mdogo mbona yuko mkiani? Mahali pake ni nyuma yako wewe!"

"Ahsante kwa kutuvusha, Bibi," Kozue alisema. Akainama vizuri kwa adabu, akapita.

"Nimekuambia juzi, nimekuambia jana! Lo, mtoto huyu! Chura hasa! Kama methali isemavyo, ummwagie maji usoni, hapepesi!"

Shigeki alijikunyata kwa aibu. Kozue alitabasamu. Neno ambalo wengine wangelipokea kama kofi, yeye alilipokea kama nishani.

Jioni alimsimulia Babu kwa kujisifu. "Leo Bibi Sugie ameniita chura!"

Babu, aliyekuwa anamenya figili, aliacha kisu hewani. "Amekuita chura kwa sababu gani?"

"Eti natembea mbio sana."

Babu alifungua mdomo kusema kitu, lakini jirani aliita nje, aje watazame pamoja lango la mfereji kabla mvua haijaanza. Babu alivaa mabuti yake akatoka. Maneno yale yakabaki hayajasemwa.

Mvua ilinyesha hadi asubuhi. Kozue alipotoka, mifereji iliyokuwa ya maji ya kifundo cha mguu ilikuwa imejaa mpaka kingoni, maji ya rangi ya kahawia yakikimbilia bondeni. Vyura walikuwa wameshikwa na wazimu wa furaha.

Penye Jizo alikuja mama yake Shigeki chini ya mwavuli. "Shigeki ana homa, leo hatakwenda. Samahani, Kozue."

"Nani atakaa nyuma basi?" Kanta aliuliza.

"Si yuko Ippei?" Kozue alijibu. "Twendeni."

Ippei aliinua mkono kama yuko darasani. "Dada Kozue, buti langu limeingia maji."

"Utayamwaga shuleni. Ukiachwa, kimbia."

Kwenye kivuko Bibi Sugie aliwavusha wanne, halafu akalazimika kuyasimamisha magari mara ya pili kwa ajili ya Ippei, aliyekuwa bado mbali. Kozue hakungoja. Sauti ya Bibi ilimfuata ndani ya mvua: "Tazama nyuma, kiongozi! Tazama nyuma leo!" Maji tu. Maji usoni mwa chura.

Mbele ya hapo barabara huzunguka kilima chenye hekalu dogo, kisha hunyooka kuelekea shule. Kozue alizunguka kilima, kibendera chake kimelowa lakini kimeinuliwa juu. Mapacha walikuja nyuma yake chini ya mwavuli mmoja wakinong'onezana, kisha Kanta, kichwa chake kimezama ndani ya koti la mvua.

Getini alikuwa Mwalimu Numata, mwalimu mkuu msaidizi, na karatasi yake ya mahudhurio ndani ya mfuko wa plastiki.

"Kundi la Kamisato!" Kozue alisema kwa sauti. "Watano, wote tupo!"

"Wa kwanza tena, hata kwa mvua hii? Hongera!" Mwalimu aliweka alama. Kundi jingine lilikuwa linaingia, miavuli ikagongana, na Kozue akapita mbele. Hakuwa amegeuka hata mara moja.

Somo la hesabu lilikuwa limeanza tu mlango ulipofunguliwa. Mwalimu Numata alisimama pale, na nyuma yake mwalimu wa darasa la kwanza.

"Kozue, njoo kidogo."

Nje ya darasa Mwalimu Numata aliinama ili macho yao yalingane. "Ippei hayumo darasani. Tumempigia simu mama yake, anasema ameondoka nanyi. Mlikuwa naye?"

Kozue angeweza kusema kwamba Ippei aliingia nao getini, labda amejificha chooni. Ingeaminika. Angeweza kumtupia Kanta lawama. Lakini wakati ule ule akayakumbuka maji ya mfereji, yale ya kahawia, yalivyokuwa yakikimbia.

"Sijui, mwalimu," alisema. "Nilisema watano, lakini sikuhesabu. Sikutazama nyuma. Tangu kivukoni sijui yuko wapi."

Uso wa mwalimu ulibadilika. Hakumgombeza. Alisema tu, "Ahsante kwa kusema. Hatuna dakika ya kupoteza," akaanza kukimbia kuelekea kwenye gari.

"Nichukue, mwalimu!" Kozue alimkimbilia. "Ile njia naijua yote!"

Walimkuta Bibi Sugie bado yuko kivukoni. Aliposikia, filimbi ilimdondoka. "Nimemvusha mwenyewe kwa mkono huu! Akatimua mbio kuwafuata. Mungu wangu, akaenda wapi?"

Basi alikuwa amepotea kati ya kivuko na shule, na hapo katikati hapakuwa na kitu ila kile kilima na majaruba, kila upande, yamejaa maji, na mpunga mchanga umefika magotini. Gari lilikwenda polepole. Mwalimu alishusha kioo, akaita, "Ippei! Ippeeei!" Vyura wakaimeza sauti yake.

Kozue ndiye aliyeiona kofia. Ilikuwa ya njano, ndogo, imenasa kwenye wavu wa mfereji, maji yanaipiga huku na huku.

Mwalimu alisimamisha gari, akaruka nje, akakimbia kando ya mfereji akiita mpaka sauti ikamkatika. Kozue alishuka, akasimama ukingoni. Aliyatazama maji, hakuona kitu. Aliyatazama majaruba, yote kijani, yote sawa, mvua inawapiga machoni. Wangemtafuta wapi kwanza? Na vyura hawa, kelele zao hizi, mbona hawanyamazi hata kidogo?

Mbona hawanyamazi. Kozue alishtuka.

"Mwalimu! Zima gari! Usiite, tafadhali, usiite!"

"Nini?"

"Sikiliza!"

Injini ilizimwa. Kozue alifumba macho. Kulia vyura walikuwa wakipiga kelele. Kushoto vilevile. Nyuma, vilevile. Lakini mbele, upande wa kilima cha hekalu, palikuwa na shimo ndani ya sauti ile, kama pengo la jino mdomoni. Jaruba moja lilikuwa kimya.

"Kuna mtu kule! Vyura hunyamaza mtu akiwa karibu!" Akaanza kukimbia juu ya tuta jembamba, akiteleza, akiinuka, tope mpaka mashavuni.

Ippei alikuwa amezama mpaka mapajani pembeni mwa jaruba, hatua moja tu kutoka kwenye mfereji. Alikuwa ameyakumbatia majani ya mpunga kwa mikono miwili na kujitikisa, anajaribu kuung'oa mguu. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita. Alipomwona Kozue, alianza kulia upya.

"Dada Kozue, sikuukanyaga mpunga makusudi! Nilitaka kukata njia. Ulisema nikiachwa nikimbie. Nikakimbia, nikaanguka."

Kozue alimshika mabegani. Mwalimu alifika, wakamvuta wote wawili, tope likamwachia mguu mmoja, kisha wa pili, bila buti. Meno yake yalikuwa yanagongana kwa baridi. Bibi Sugie alikuja akihema na taulo, akamzungushia mtoto mwili mzima, akabaki uso tu.

Kozue alisimama mbele ya Bibi, kichwa chini, akingoja agombezwe. Aliyangoja yale maji. Hayakuja. Bibi Sugie alitoa leso mfukoni, akamfuta tope machoni, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Umesikia mwenyewe, mwanangu. Leo umesikia." Hapo ndipo Kozue alipolia, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

Jioni mvua ilikuwa imekatika. Babu alivaa shati safi, akanunua boksi la maandazi ya maharage matamu, akalifunga kwa kitambaa. Wakashika njia kwenda kwa akina Ippei kuomba radhi. Kozue alibeba kibendera.

"Nitakirudisha kesho," alisema. "Sifai kuwa kiongozi."

Babu alitembea mpaka katikati ya tuta, akasimama. Pande zote vyura walikuwa wakiimba, isipokuwa pale walipokuwa wamesimama.

"Wametunyamazia," Babu alisema. "Unaona, mjukuu wangu? Chura nilikuonyesha nusu yake tu, na kosa hilo ni langu. Maji usoni hayamsumbui, kweli. Lakini mguu ukikanyaga tuta lake, anasikia kabla ya kila kiumbe. Angekuwa hasikii chochote, kunguru angemla siku ya kwanza."

"Lakini Babu, nitajuaje lipi ni maji na lipi ni mguu? Yote yanauma."

Babu alifikiri. "Jiulize hivi: huyu anayenisema, akinyamaza, nani ataumia? Wale waliocheka begi lako wangenyamaza, asingeumia mtu. Hayo ni maji, yaache yateremke. Bibi Sugie angenyamaza, angeumia Ippei. Neno la namna hiyo lipokee, hata likiwa chungu, hata likija na filimbi na matusi ya nguruwe mwitu."

Kozue alicheka kidogo ndani ya machozi.

"Na kibendera," Babu aliongeza, "kukirudisha ni rahisi. Anayekirudisha halazimiki tena kutazama nyuma. Waulize wenye mtoto."

Mama yake Ippei aliwapokea mlangoni. Kozue alipiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. "Nilimwacha Ippei peke yake. Nilionywa na Shigeki, nikaonywa na Bibi Sugie, nikajifanya sisikii. Naomba radhi. Kama hutaki niwe kiongozi, nitakitoa kibendera."

"Sitakuficha," mama yule alisema. "Leo nimeogopa kuliko siku zote za maisha yangu, na asubuhi nilikukasirikia sana. Lakini Mwalimu Numata ameniambia kwamba ulisema ukweli papo hapo. Ungetia uongo kidogo tu, wangekuwa bado wanamtafuta shuleni. Na mwanangu huyu, akirudi kila siku ni dada Kozue hivi, dada Kozue vile. Muulize yeye."

Ippei alikuwa amechungulia nyuma ya mlango, amevaa soksi nene, andazi moja tayari limo mdomoni.

"Kesho utakwenda mbio?" aliuliza.

Kozue alimsogelea, akachuchumaa, macho yao yakalingana.

"Kesho utatembea nyuma yangu, mahali pako," alisema, kwa sauti ambayo Babu, mama mtu, na hata vyura wa nje wangeisikia. "Kwenye kila nguzo ya umeme nitageuka, nitawahesabu wote kwa sauti, nitaanza na wewe. Hata tukifika wa mwisho. Na ukisema 'Kozue, simama', nitasikia, Ippei. Nakuahidi. Nitasimama."